Altezza ya mwaka 2001: nianze na kipi kwa mikono yangu?

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia barua ambayo nimeifupisha hivi: "Shikamoo fundi. Nimenunua Toyota Altezza ya mwaka 2001, injini ni 1G ya silinda sita, gia ni za mkono. Aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Nikipita kwenye mashimo, mbele kushoto kunagonga. Nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa themanini, usukani unatetemeka. Nikikaa kwenye foleni Dar, mshale wa joto unapanda, nikitembea unashuka. Kuna pia harufu ya oili inayoungua. Nina vifaa vya kawaida, nina uwanja wa zege nyumbani, na nimetenga shilingi milioni mbili. Nilipanga kulishusha, kuweka rimu za inchi 18, na kubadilisha eksozi na filta ya hewa ili lipate nguvu. Je, kipi naweza kufanya mwenyewe, na nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Nitakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata kama gari hilo lingekuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yangu, na mpangilio huo unaanza na jambo ulilolitaja kwa maneno machache kuliko yote, yaani mlio wa kugonga mbele kushoto. Kabla ya rimu na kabla ya eksozi, nakuomba usilipeleke gari hilo barabara kuu mpaka uwe umekagua boljointi ya chini ya gurudumu hilo, yaani kiungo cha chuma chenye kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake.

Sababu ni hii. Katika Altezza kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu pamoja na springi yake imekalia mkono wa chini. Kwa hiyo uzito wa pembe ile ya gari hupita kwenye mkono wa chini na kwenye boljointi inayouunganisha na nako, yaani chuma kinachoshika habu ya gurudumu. Boljointi ya juu kazi yake kubwa ni kuongoza, ila ya chini ndiyo inayobeba. Ikichakaa hadi kichwa chake kikachomoka kwenye kikombe, gurudumu hulala chini ya bodi, gari hukaa chini kwa pembe hiyo, na usukani haukutii tena hata ungekuwa dereva hodari kiasi gani. Udhaifu huu unajulikana sana kwa wenye Altezza na kwa wenye ndugu zake waliouzwa Ulaya na Marekani kwa majina ya Lexus IS200 na IS300, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni mlio kama huo unaousikia wewe.

Ukaguzi wenyewe unaufanya nyumbani, ila ufanye kwa utaratibu. Legeza kidogo nati za gurudumu likiwa bado chini, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, kisha weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, uinue mpaka tairi liachane na zege kiasi cha vidole viwili. Mafundi wengi huweka jeki kwenye chesisi, gurudumu likaning'inia na mikono ikafika mwisho wa mwendo wake, na katika hali hiyo uchezaji mdogo unaweza kujificha ukaambiwa kwamba boljointi ni nzima. Weka stendi ya chuma chini ya chesisi kama kinga, hata kama haijagusa. Sasa pitisha mtaimbo chini ya tairi, uinue na kuachia kwa upole, huku mwenzako akiangalia kwa tochi pale nako inapokutana na mkono. Ukiona nako inapanda kabla mkono haujasogea, au ukiona mpira wa kufunika grisi umechanika, boljointi hiyo haina mjadala, inatoka. Shika pia tairi kwa mikono miwili juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia, kwa sababu uchezaji wa kushoto na kulia mara nyingi hutoka kwenye tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) na wa pande zote hutoka kwenye bearing ya habu.

Kuhusu stendi nitasema neno moja zaidi kwa kuwa nimeona watu wakipoteza viungo. Tofali la saruji si stendi. Hubeba uzito kwa muda, halafu hupasuka ghafla bila kutoa onyo lolote. Jeki peke yake pia haitoshi, kwa sababu mpira mdogo ulio ndani yake ukishindwa, gari hushuka wakati kichwa chako kiko chini. Nunua stendi mbili za chuma kabla ya kununua kitu kingine chochote, na zihesabu ndani ya ile milioni mbili.

Boljointi ukizibadilisha, badilisha za chini zote mbili, kushoto na kulia. Tumia kifaa cha kuchomolea badala ya kupiga nyundo, kwa sababu nyundo huharibu nyuzi za boli na huumiza bearing ya habu. Nati yenye meno ifungwe na pini mpya, usirudishe ile ya zamani iliyokwisha kukunjwa. Chukua kipuri cha zamani mkononi uende nacho dukani, Gerezani au popote unaponunulia, ulinganishe umbo lake kabla ya kulipa. Nunua ya Toyota yenyewe au ya mtengenezaji wa Kijapani anayejulikana, kama wale wa 555, kutoka duka linalokupa risiti, kwa maana bidhaa bandia zipo nyingi na maboksi yake yamechapwa vizuri. Boljointi ya mtumba, au iliyokarabatiwa kwa kubanwa upya, mimi siifungi kwenye gari la mtu yeyote. Injini ya mtumba ikikusaliti utasimama kando ya barabara tu. Boljointi hukusaliti ukiwa katikati ya barabara.

Hapa ndipo naomba unisikilize kuhusu mpango wako mzima, kwa sababu unahusu gari hili lilivyo. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Japani kwa msimu wa 1998 na 1999, na ilitengenezwa hadi 2005. Injini yako ya 1G-FE ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,988 na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160, wakati ndugu yake RS200, toleo jingine la Altezza lenye injini ya 3S-GE ya silinda nne, alitoka na 210. Kwa gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300, farasi 160 si nguvu za kutisha, na hata wakati lilipokuwa jipya halikusifiwa kwa mbio za njia iliyonyooka. Lilisifiwa kwa jinsi linavyoingia kwenye kona, kwa usukani wake unaosema ukweli, kwa gia sita za mkono, na kwa magurudumu ya nyuma kusukuma huku ya mbele yakiachiwa kazi ya kuongoza. Sifa hizo zote zinakaa kwenye boljointi, bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono), shokapu na matairi. Lako lina zaidi ya miaka ishirini, na mpira wake wa bushi umezeeka hata kama limesafiri kidogo. Kwa maneno mengine, Altezza uliyoinunua bado hujaiendesha, na fedha zako nyingi zitumike kuirudisha kwenye hali yake kabla ya kuibadilisha kuwa kitu kingine.

Kwa hiyo baada ya boljointi zinafuata bushi, hasa bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele. Hiyo ikichanika, mkono husogea nyuma kila unapokanyaga breki, usukani hutetemeka, na tairi huliwa upande wa ndani. Kwa hiyo huenda mtetemo wako na mlio wako ni wa familia moja. Ingiza bisibisi kubwa kati ya mkono na chesisi, usukume polepole, uangalie kama mpira umeachana na chuma. Kutoa mkono na kuurudisha ni kazi yako, boli zake ni chache. Kutoa bushi ya zamani na kuingiza mpya kwahitaji presi ya haidroliki, na hapo upeleke mkono huo gereji yenye presi ulipie kazi hiyo tu. Kuichoma bushi kwa moto na kuigonga kwa nyundo huacha mkono umepinda bila macho kuona.

Kuna kosa moja katika kazi hii ambalo nimelifanya mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi. Nilifunga bushi mpya za gari la mteja, nikakaza boli zote likiwa limening'inia kwenye stendi, na baada ya miezi michache zikarudi zimechanika. Nilidhani tumeuziwa bandia, kumbe kosa lilikuwa mikononi mwangu. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, haizunguki kama bearing bali hujisokota, na ukiikaza wakati mkono unaning'inia umeifungia katika hali hiyo. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa siku zote, usiku na mchana, mpaka unachanika. Njia sahihi ni kupima, kabla hujaanza kufungua chochote, urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, na kuuandika. Ukirudisha mikono, ziache boli zikiwa zimeshika bila kukazwa, inua mkono kwa jeki mpaka urefu ule ule urudi, ndipo ukaze. Hatua hiyo inachukua dakika kumi kwa kila upande, nami sijapata kuona fundi wa kando ya barabara akiifanya bila kukumbushwa.

Utasikia watu wakisifu bushi za plastiki ngumu ya poliyurethani. Ni nzuri kwa gari la mashindano, na huzuia usukani usilegee. Kwa barabara zetu, zenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hulia kama mlango wa zamani zisipopakwa grisi yake maalumu, na hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye bodi. Chagua bushi za mpira kama zilizotoka kiwandani.

Sasa breki. Ukiona usukani unatetemeka, watu watakuambia kwamba diski imepinda, na watakupeleka kwa fundi wa kuichonga. Mara nyingi diski haijapinda bali haina unene sawa kuizunguka, na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kukutikisa mikono. Tofauti hiyo huzaliwa na kutu au uchafu ulionasa kati ya diski na habu, na nati zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana, au na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ambayo pini zake zimekwama ikawa pedi moja inasugua wakati wote. Kwa hiyo kabla ya kununua diski, itoe iliyopo, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pima unene wa diski sehemu nane kuizunguka, na ulinganishe na unene wa chini kabisa ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo au iko chini ya hapo, usiichonge, nunua jozi mpya. Chomoa pini za kalipa, zisafishe, uzipake grisi ya breki inayovumilia joto na isiyoharibu mpira. Grisi ya kawaida ya bearing huufanya mpira uvimbe, na baada ya muda pini hukwama vibaya kuliko mwanzo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa, lioshwe kwa maji au kwa dawa ya kusafishia breki, kwa ajili ya mapafu yako.

Oili ya breki ibadilishe yote, usiongeze tu. Oili hii hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205, ila ikishanyonya maji kiwango cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Wewe uko Morogoro, na siku moja utakwenda Iringa. Ukirudi utateremka mlima Kitonga, na hapo nyuzi hizo hugeuka kuwa jambo la uhai, kwa sababu oili ikichemka ndani ya kalipa huwa mvuke, na mvuke hubonyea, kanyagio likaenda hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Weka DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofungwa, anza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), ambalo kwa gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na usiruhusu chupa ya juu ikauke hata mara moja, kwani hewa ikiingia kwenye kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasijifunge, kuitoa ni taabu. Na hata breki zikiwa mpya, Kitonga huteremkwa kwa gia ya chini.

Joto nalo limenipa shaka kidogo. Mshale wa Toyota wa miaka ile ulitengenezwa ukae katikati kwa eneo pana la joto ili usimtie dereva hofu, kwa hiyo ukiuona umepita katikati, injini imekwisha kupata joto zaidi ya unavyodhani. Habari njema ni kwamba umeeleza dalili vizuri. Joto linalopanda ukisimama na kushuka ukitembea mara nyingi husababishwa na upungufu wa hewa kupita kwenye rejeta, kwa maana ukitembea upepo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Joto linalopanda ukiwa kwenye mwendo mkubwa lingetuelekeza kwenye rejeta iliyoziba ndani au wota pampu. Angalia kwanza kama feni inazunguka kwa nguvu inayostahili. Angalia plastiki inayozunguka feni, kwani mafundi hupenda kuitoa na kuitupa, na bila hiyo feni hupuliza hewa ile ile iliyo ndani ya boneti. Kisha tochi mkononi, tazama kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako majani, wadudu na vumbi la miaka ishirini hujikusanya kama blanketi. Oshea kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, na ufanye hivyo injini ikiwa baridi.

Huenda ukakuta thamostati, mlango unaofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, haipo. Kutoa thamostati ni desturi iliyoenea kwetu, na wanaoifanya wanaamini kwamba wanalisaidia gari kwa kuwa tunaishi nchi ya joto. Kwa injini hizi imani hiyo ina madhara. Thamostati ya Toyota ya aina hii ina sahani ya chini ambayo, mlango mkuu ukifunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hairudi kupozwa. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaongeza petroli ikidhani bado ni baridi, oili haifiki joto la kukausha unyevu, na mchana kwenye foleni gari linachemka vilevile. Weka thamostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82, mfuniko mpya wa rejeta, na kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi badala ya maji ya bomba. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Harufu ya oili inayoungua, kwa umri huu, nategemea itoke kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) inayodondosha juu ya eksozi. Kazi hiyo ni yako pia. Piga picha za nyaya na mipira kabla ya kuchomoa, chomoa koili kwa kushika mwili wake wala si waya, na uangalie kama kuna oili ndani ya mashimo ya plagi, maana gasketi za mashimo hayo hubadilishwa pamoja na ile kubwa. Boli za kava ni ndogo na zimefungwa kwenye aluminiamu. Zikaze kwa mizunguko mitatu au minne, kuanzia katikati kuelekea nje, kwa mkono mwepesi. Boli ikikatikia ndani, kazi ya saa mbili huwa kazi ya siku mbili.

Taimingi belti, ile inayoendesha valvu za injini kwa wakati wake, usiianze mwenyewe mwaka huu, lakini usiiahirishe. Injini yako inatumia belti wala si cheni, na Wajapani huibadilisha kwenye kilomita 100,000. Fungua boneti utafute stika yenye maandishi ya Kijapani na namba ya kilomita, kwa kuwa gereji za Japani hubandika stika hiyo kila belti inapobadilishwa. Nimewahi kukuta stika iliyosema belti ilibadilishwa kwenye kilomita 104,000 ndani ya gari ambalo dashibodi yake ilisoma 78,000, na hapo mwenye gari alijua ukweli wa alichonunua. Usipoiona stika na huna kumbukumbu, hesabu kwamba muda umefika. Mpe fundi unayemwamini, na zibadilishwe kwa pamoja belti, tenshona inayoikaza, wota pampu na sili za mbele, kwa sababu gharama ya kufungua ni moja. Simama karibu naye utazame. Mara ijayo utaweza.

Sasa nije kwenye ulichokipenda zaidi. Rimu za inchi 18 zitakupendeza machoni kwa muda mfupi. Altezza nyingi zilitoka na matairi ya 215/45 R17, ambayo ukuta wake una milimita 97 hivi, na nyingine zilitoka na rimu za inchi 16. Tairi la 225/40 R18 lina ukuta wa milimita 90 na kwa kawaida huja na rimu nzito zaidi. Tairi la 205/55 R16 lina ukuta wa milimita 113 hivi, na kimo chake chote hakitofautiani na la inchi 17 hata kwa sentimita moja, kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa mashimo unayoyaeleza wewe, ningekaa kwenye inchi 16 au 17 na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye matairi mapya manne ya aina moja. Matundu ya boli ni matano kwa duara la milimita 114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kati, la sivyo utapata mtetemo mpya baada ya kuondoa ule wa zamani. Soma namba nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno) nzuri na umri wa miaka kumi ni gumu kama ubao mvua ikinyesha.

Kulishusha gari kwa kukata springi nakukataza bila kigugumizi. Springi iliyokatwa hulegea kwenye kiti chake gurudumu linaponing'inia, shokapu hufika mwisho wa mwendo wake kwenye kila tuta, na boljointi zako mpya zitakufa kabla ya wakati. Ukifunga shokapu nne mpya kwenye springi za kimo cha kiwandani, nina hakika utashangaa gari linavyotulia, na huenda hamu ya kulishusha ikapungua. Kama bado itakuwepo, nunua springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili zinazoshusha kidogo, ukizingatia matuta ya barabara ya kutoka Morogoro hadi Dar. Ile nondo ya kuunganisha vichwa vya shokapu ndani ya boneti iache dukani. Husaidia zaidi magari ambayo shokapu yake ndiyo inayoongoza gurudumu, na lako lina mikono miwili.

Filta ya hewa iliyo wazi huvuta hewa ya moto ya ndani ya boneti pamoja na vumbi, na kinachoongezeka zaidi ni mlio. Filta ya karatasi mpya ndani ya boksi lake la asili ndiyo nzuri kwa 1G. Eksozi ukiitaka kwa ajili ya sauti, badilisha sailensa ya nyuma tu, na masega ya kusafisha moshi usiyatoe. Nguvu ya kweli kwa injini hii ni suala la gharama nyingine kabisa. Kule Ulaya, Toyota Team Europe iliuza kompresa ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, maalumu kwa IS200, na kwa kuwa Toyota yenyewe iliweka injini ya 2JZ-GE ndani ya bodi hii kwenye IS300 na Altezza Gita, watu hubadilisha injini na inaingia vizuri. Siku ukifika huko, kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na badiliko hilo lazima lipelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kwa milioni mbili, basi, mpangilio wangu ni stendi na boljointi wiki hii, kisha bushi, breki na thamostati kabla ya mwezi kwisha. Belti na matairi vichukue kitakachobaki na akiba ya mwezi unaofuata, nazo shokapu zije nyuma yake. Nunua au azima spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa sababu nati za magurudumu ya gari hili hukazwa kwa kipimo cha Nm 103, kwa mtindo wa kuvuka kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, na ukazirudie baada ya kilomita mia ya kwanza. Ukimaliza bushi na boljointi, nenda moja kwa moja kwenye alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ya magurudumu manne, kwa kuwa mikono ya nyuma ya Altezza nayo hurekebishwa, na udai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Piga picha ya karatasi hiyo uniletee pamoja na ile stika ya boneti, nami nitakuambia kama mkono wa mbele kushoto umepinda.